MiG za Entebbe zijengewe paa kwanza

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaotamani Entebbe iwe na makumbusho ya ndege za kivita, na mahali penyewe panastahili. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, ndege nne za Israel aina ya C-130 zilitua pale kuwachukua mateka wa ndege ya Ufaransa, na kabla ya kuondoka makomando wakaziteketeza MiG zetu, ndege za kivita za Uganda zilizoegeshwa pale, ili zisiwafuate angani. Ninachopinga ni ile tabia ya kuchukua ndege iliyochoka, kuipaka rangi mpya na kuisimamisha kwenye nyasi.

Mtu atanijibu kwamba kwenye makumbusho ya ndege ya Hatzerim kule Israel, na ya Tucson kule Marekani, ndege nyingi zinakaa nje. Ndiyo, lakini kule ni jangwani. Makumbusho ya jeshi la anga la Marekani pale Dayton, penye mvua na theluji, yameziingiza nyingi ndani. Sisi tuko ukingoni mwa ziwa, na mvua za misimu miwili. Bawa la MiG ni la aluminiamu, na boliti zake nyingi ni za chuma. Maji yakituama kati ya hivyo viwili, aluminiamu ndiyo huliwa kwanza na kugeuka unga mweupe chini ya rangi. Kwa nje utaona vilengelenge tu, ndani bawa limeshaoza. Kinyesi cha karoli, yule korongo mkubwa wa majalalani, nacho kinachoma rangi, na nyuki hawachelewi kuhamia kwenye bomba la injini.

Paa la mabati linatosha, kuta si lazima. MiG-17 ina urefu wa mita 11 na ushee, mabawa chini ya mita 10. Banda la mita 15 kwa 15, lenye wavu wa kuzuia ndege wa porini, linaienea. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe, pua iinuliwe kidogo. Uzito ubebwe na stendi za chuma, kwa sababu tairi ikisimama mahali pamoja miaka mingi hubonyea na kupasuka. Kuosha ni kwa maji, sabuni laini na kitambaa. Anayetumia steelwaya anaacha chembe za chuma, na kutu inaanzia hapo hapo.

Kabla mtoto wa shule hajapandishwa ngazi, kuna kazi ambayo haionekani kwenye picha. Kiti cha kumrusha rubani nje wakati wa hatari kina baruti, na baruti haistaafu pamoja na ndege. Itolewe na mafundi wa silaha wa jeshi, kisha waandike na kutia sahihi. Ile ya kurushia kifuniko cha kioo isisahaulike. Watu huikumbuka ya kiti peke yake. Upepo wa tairi na naitrojeni ya miguu ya ndege utolewe kabla ya kulegeza boliti yoyote: rimu ya vipande viwili ikifunguliwa na upepo wake inaua.

Halafu kuna geji. Nyingi za zama zile zilipakwa radiamu ili zisomeke gizani. Leo hazing'ai tena, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana kinachochakaa ni rangi. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Chumba cha rubani kikifungwa siku nyingi, gesi ya radoni hujikusanya humo. Zipimwe kwa kipima mionzi. Zenye radiamu zing'olewe nzima bila kuvunja kioo wala kukwangua chochote, na picha zake zibandikwe mahali pake.

Mnara wa zamani wa kuongozea ndege uwanjani una matundu ya risasi ya usiku ule. Tafadhali, fundi mwashi asiyazibe. Na kando ya ndege panahitajika kibao kifupi tu chenye tarehe, aina ya ndege na namba yake ya ubavuni, kwa Kiswahili, Kiluganda na Kiingereza.

Fundi wa ndege,
Entebbe