Hialuronani: wanaotisha na wanaouza wote wamepotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala uliopamba moto katika vikundi vya WhatsApp hapa Mombasa kuhusu asidi ya hialuroniki, ambayo pia huitwa hialuronani. Wako wanaosambaza ujumbe kwamba seramu za uso zenye asidi hiyo, zinazouzwa katika maduka ya vipodozi kuanzia Mwembe Tayari hadi Nyali, zinaleta saratani; na wako wanaochuuza vidonge vyake wakidai kwamba vinaikinga. Nilionyeshwa kichupa kimoja pale Marikiti ambacho lebo yake ina picha ya fuko uchi, mnyama mdogo asiye na manyoya, na chini yake maneno ya kuahidi uzima.

Hialuronani haikuanzia dukani. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 huko New York kutoka katika jicho la ng'ombe, na mwili wa mtu mwenye kilo 70 unayo takriban gramu 15, ambazo kama theluthi yake huvunjwa na kuundwa upya kila siku. Ni mnyororo mrefu wa sukari mbili zinazopokezana, unaoshika maji mengi hata ukawa ute kama mlenda wa bamia, na ndio unaolainisha viungo na kujaza nafasi baina ya seli.

Saratani huutumia ute huo kwa faida yake. Katika saratani nyingi, zikiwemo za titi na kongosho, hialuronani hurundikana kuuzunguka uvimbe, na seli za saratani huishika kwa kipokezi kiitwacho CD44, ambacho hupitisha ndani ishara za kuzichochea ziishi, zigawanyike na zihame. Urefu wa mnyororo nao una uzito wake: ulio mrefu mara nyingi hutuliza, ilhali vipande vifupi vinavyokatwa na vimeng'enya huchochea mchochota na kuota kwa mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe.

Hapo ndipo wachuuzi walipookota hadithi ya fuko uchi, mnyama wa chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia ambaye ni nadra kuugua saratani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza katika jarida la Nature kwamba hialuronani yake ina mnyororo mrefu zaidi ya mara tano kuliko ya binadamu, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba panya waliopandikizwa jeni ya fuko huyo ya kutengeneza hialuronani walipata saratani kwa uchache. Lakini mwaka 2020, katika jarida lilo hilo, watafiti wengine walionyesha kwamba hata seli za fuko zinaweza kugeuzwa kuwa za saratani. Isitoshe, panya wale walipewa jeni. Hawakumeza kidonge, na mnyororo unaomezwa hukatwakatwa kwa sehemu kubwa na bakteria wa utumbo.

Hata madaktari waliojaribu kuuondoa ute huo hawakufua dafu. Katika saratani ya kongosho hialuronani hubana mishipa ya damu na kuzuia dawa kufika, hivyo ikabuniwa dawa ya kuiyeyusha, PEGPH20. Ilipochanganywa na tibakemikali kali ya FOLFIRINOX, wagonjwa waliishi miezi 7.7 kwa wastani wa kati (nusu yao chini ya hapo, nusu zaidi), wakati waliopata tibakemikali peke yake waliishi miezi 14.4. Jaribio kubwa zaidi, kwa tibakemikali nyingine, lilitoa matokeo yake mwaka 2019: miezi 11.2 kwa waliopewa dawa hiyo, 11.5 kwa wasiopewa.

Kuhusu seramu, hialuronani inayosukuma saratani ni ile inayotengenezwa na uvimbe wenyewe na seli za jirani, si ile ya kupaka, ambayo hubaki zaidi kwenye tabaka la juu la ngozi. Anayetafuta kipodozi cha kuogopa na aanze na mkorogo wenye zebaki.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti lako lisipokee tangazo lolote la vidonge hivi linalotaja saratani, mpaka muuzaji aonyeshe jaribio lililofanyiwa binadamu. Mwanamke aliyegusa kivimbe titini anahitaji kupimwa wiki hii, na fedha za kichupa kile zingemfikisha hospitalini.

Mwalimu wa baiolojia,
Tudor, Mombasa