Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: ramani yenu imepimwa kwa rula

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIPAKA MIPYA YA UANDIKISHAJI WA WANAFUNZI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza kwa mtindo wa ofisini makusudi, barua isije ikawekwa kando kwa kukosa adabu. Kuanzia hapa naomba niongee kama mzazi.

Niseme mapema nilipo. Ramani yenu mpya hainigusi. Nyumba yangu iko upande wa juu wa reli, na mwanangu anabaki shule ile ile, darasa lile lile. Wanaohamishwa ni watoto wa upande wa chini. Majirani wawili wameshaniuliza kinaniwasha nini wakati mvua imenipita pembeni. Mmoja aliuliza kwa utani. Mwingine hakuwa anatania.

Kinachoniwasha ni binti mmoja wa miaka 7 anayekaa dawati moja na mwanangu. Kwenye ramani mliyoibandika ukutani, kutoka kwao hadi shule mpya aliyopangiwa ni mita 900. Mama yake, ambaye huingia kazini kabla hapajapambazuka, aliniomba nimsindikize mtoto siku moja ya mapumziko tuione hiyo njia. Tukatoka saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, muda ambao angetoka siku ya shule, yeye na begi lake lenye madaftari yote kwa sababu nilitaka abebe uzito wa kweli.

Mita 900 zenu, Ndugu Mkurugenzi, zinapita katikati ya reli, mahali penye uzio wa chuma mrefu kunishinda mimi. Kwa hiyo tulikwenda kwanza upande tusioutaka, mpaka kwenye daraja la waenda kwa miguu, tukapanda, tukashuka, tukaanza kurudi. Baada ya hapo kuna barabara kuu. Kivuko hakuna. Tulisimama ukingoni na mkono wake ndani ya wangu, tukingoja malori yaishe, na malori hayaishi. Dereva mmoja alisimama kutupisha. Wa nyuma yake akapiga honi ndefu, mtoto akashtuka na kurudi nyuma hatua mbili, tukaanza upya kungoja. Kamba ya kiatu ilifunguka mara tatu. Tulipofika getini saa yangu ilisema dakika 43, na simu ilikuwa imehesabu kilomita 2.6. Aliniuliza jambo moja tu njia nzima: "Kwenye daraja nitapita na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekuletea swali.

Ofisi yenu ilipima kwa rula. Najua rula inarahisisha kazi: unatia nukta kwenye kila shule, unakata eneo kwa kufuata shule iliyo karibu, mistari inajichora. Lakini hakuna mtoto anayetembea juu ya rula. England walilielewa hilo zamani. Sheria yao ya usafiri wa wanafunzi inaweka kikomo cha maili 2 kwa mtoto asiyefika miaka 8 na maili 3 kwa aliyefika, na umbali wenyewe unapimwa kwa njia fupi ambayo mtoto anaweza kuipita kwa usalama, akiwa na mtu wa kumsindikiza pale inapobidi. Njia isiyopitika salama haihesabiwi kuwa njia. Sisemi tuwaige kwa kila kitu, na maili 2 zenyewe kwa mtoto mdogo ni nyingi. Nasema tu kwamba mtu aliyeandika sheria ile aliwahi kutembea na mtoto.

Sasa nije kwenye neno ambalo kila mtu analitupa siku hizi: haki. Wenzangu wa upande wa juu wanasema haki ni mtoto kusoma shule iliyo karibu na kwao. Wa upande wa chini wanasema haki ni mzigo kugawana. Ofisi yenu inasema haki ni madarasa kulingana kwa idadi. Wote watatu wana hoja, na ndiyo maana mikutano haiishi: kila mmoja anapima kwa kipimo chake na kumwita mwenzake mbinafsi. Mngetuambia kabla ya kuchora chochote kwamba kipimo cha kwanza ni usalama wa njia, cha pili nafasi madarasani, cha tatu kutowatenganisha ndugu, na kadhalika, tungegombania vipimo. Ugomvi huo ungekuwa na faida. Mlichofanya ni kuleta ramani kwanza, sababu zikafuata nyuma, na sababu inayokuja baada ya uamuzi hunuka hata kama ni ya kweli.

Msongamano sikatai. Shule ya juu imejaa. Watoto wanabanana watatu kwenye dawati la wawili, na mwalimu hana pa kupita. Lazima baadhi wahame. Ninachouliza ni kwa nini wanaohama ni wale wale. Upande wa chini ulihamishwa shule ya juu ilipofunguliwa, kwa sababu ilihitaji kujazwa. Ukahamishwa tena ilipofungwa shule ndogo iliyokuwa jirani yao. Hii ni mara ya tatu. Wapo kina dada huko waliosoma shule moja, wadogo zao wakasoma ya pili, na watoto wao sasa wanapangiwa ya tatu, na nyumba haijasogea hata hatua. Upande wetu haujawahi kuguswa. Pengine imetokea tu hivyo. Lakini katika orodha ya mambo mliyoyazingatia sikuona popote panapouliza nani alihamishwa mara ya mwisho, na mahali pasipo na swali hilo mzigo hutelemka wenyewe kwa asiye na sauti, kama maji.

Sauti nayo ina historia yake. Mkutano wa maoni mliuitisha saa tisa alasiri, siku ya kazi. Sisi wa juu tulifika wengi, wengine na karatasi zilizopigwa chapa na hesabu zilizopangwa vizuri. Kutoka chini walikuja wanne. Mmoja alipewa dakika mbili, akatumia moja kuomba radhi kwa kuchelewa. Kisha taarifa yenu ikaandika kwamba "wananchi wengi waliunga mkono". Walioweza kutoka kazini waliunga mkono, hilo ni kweli.

Kuna hoja moja ya majirani zangu ambayo hawaisemi mkutanoni lakini wanaisema getini, na afadhali niitoe hadharani: thamani ya nyumba. Tusijifanye haipo. Mchumi Sandra Black alichapisha mwaka 1999 utafiti uliolinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa shule, kwenye vitongoji vya Boston kule Marekani, mitaa inayofanana kwa kila kitu isipokuwa shule. Alikuta wazazi wako tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba pale alama za mtihani za shule zinapopanda kwa asilimia 5. Kwa hiyo mnapochora mstari mnagawa fedha pia, iwe mmekusudia au la. Jirani anayeogopa hasara simcheki. Lakini hasara yake isiingie kwenye mizani kimya kimya, ikiwa na uzito kuliko miguu ya mtoto wa miaka 7, kisha ikaitwa "utulivu wa jamii". Neno hilo lipo ukurasa wa pili wa taarifa yenu. Nimelisoma mara nne.

Mstari wa shule ukikaa muda mrefu hugeuka ukuta. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, iliyotoka Detroit, kwa kura 5 dhidi ya 4: mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe usivuke mipaka ya wilaya za elimu kwenda vitongojini, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wilaya hizo zilitenda kosa. Mistari iliyochorwa kwa ajili ya utawala ikawa kinga. Jaji Thurgood Marshall aliipinga hukumu hiyo. Sisi hatuna kesi mahakamani wala ubaguzi wa aina ile, na sitaki kukuza mambo. Ila nimeona jinsi watu wazima wa mtaa wangu walivyoanza kusema "watoto wa kule" kuhusu wanafunzi ambao mpaka mwezi uliopita walikuwa wanakuja kucheza uani kwetu.

Halafu kuna shule yenyewe wanayopelekwa. Mmesema ina nafasi. Ndugu Mkurugenzi, mmejiuliza kwa nini ina nafasi? Nilipofika pale na yule binti nilichungulia dirishani: madawati yapo, mazuri tu, na vumbi juu yake unaweza kuandika jina. Wazazi waliiacha kidogo kidogo, walimu wazoefu wakaomba uhamisho, waliobaki wakalemewa, wazazi wengine wakaondoka kwa sababu hiyo. Ninyi mnataka kuijaza kwa mstari wa kalamu. Watoto mtawapata, maana hawana pa kukimbilia. Lakini anzeni na mwalimu mkuu na walimu wa kutosha, tena muwapeleke kabla ya watoto, muone kama hamtapata hata wa upande wetu wa kujitolea kuhamia. Mimi ningefikiria. Naandika hivyo nikijua mke wangu ataisoma barua hii.

Kuhusu ile kauli kwamba ramani "imetolewa na kompyuta", kwa hiyo haina upendeleo: kompyuta hupima ilichoambiwa ipime. Boston mwaka 2017 walitumia programu ya wataalamu wa chuo kikuu cha MIT kupanga upya saa za kuanza masomo. Kimahesabu ilikuwa kazi safi, na nia ilikuwa njema, wanafunzi wakubwa wasiamshwe alfajiri sana. Wazazi walipoona ratiba, wengine watoto wao wadogo wakiwa wamepangiwa kutoka shule mapema mno mchana, walikuja juu, na mpango ukaondolewa kabla ya mwaka kuisha. Programu ilijua ratiba za mabasi ya shule. Haikujua nani yuko nyumbani saa hiyo. Berkeley, California, nao wanatumia hesabu, lakini wameukata mji vipande vidogo zaidi ya 400, na kila kipande kinaangaliwa kipato na elimu ya wazazi wake, ili shule moja isibebe wenye nacho watupu na nyingine wasio nacho. Mashine inaweza kuambiwa hayo. Yenu iliambiwa nini? Toeni hadharani vigezo na uzito wa kila kimoja. Ni ukurasa mmoja.

Ninayoomba si mengi. Zuieni utekelezaji hadi njia zipimwe kwa miguu. Walio madarasa ya juu wamalize walipoanzia, na ndugu wasitenganishwe. Hili najua litachelewesha kupungua kwa msongamano kwa mwaka mmoja au miwili, na sisi wa juu tuuvumilie, maana kubanana kwenye dawati ni afadhali kuliko kuvuka barabara kuu peke yako. Mtaa uliohamishwa safari iliyopita uwe wa mwisho kuhamishwa safari hii. Ikimaanisha mstari unapita mlangoni kwangu, upite. Nitanung'unika, mtanisikia, lakini sitakuwa na la kuwashtaki.

Na mkutano mwingine uitishwe jioni, ikiwezekana huko chini.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumanne ijayo saa kumi na mbili na robo asubuhi nitakuwa kwenye daraja la waenda kwa miguu, upande wa chini. Yule binti na mama yake watakuwepo. Mama ameomba ruhusa kazini. Njoo na saa yako, maana yangu huenda utasema inakimbia. Vaa viatu vya kutembelea. Begi la mtoto utalibeba wewe mpaka kwenye barabara kuu, kutoka pale atalibeba mwenyewe.

Wako katika kulea,

Mzazi wa upande wa juu wa reli