Kukosa malaria si sababu ya kuandikiwa antibiotiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie yale yanayotokea dakika chache baada ya kipimo cha haraka cha malaria kutoa jibu, mhudumu wa afya anaposhika kalamu kuandika dawa.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likihimiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, kwani dawa mseto zilikuwa zikigawiwa karibu kila mwenye homa. Hata hivyo, homa zisizo za malaria hazikwenda popote, na mgonjwa ambaye zamani angeondoka na dawa ya malaria, leo mara nyingi huondoka na antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017, uliokusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 500,000 wa nchi kadhaa za Afrika pamoja na Afghanistan, ulionyesha kwamba pale vipimo vilipoanza kutumika, asilimia 69 ya waliopimwa wakaonekana hawana malaria waliandikiwa antibiotiki, ilhali kwa waliokutwa nayo ilikuwa asilimia 40.

Hiyo asilimia 69 ndiyo inayonisumbua. Kipimo kile hutafuta protini za vimelea vya malaria katika tone la damu, basi. Habari za bakteria hakinazo. Mstari ukitokea mmoja, tumeambiwa tu kwamba vimelea havikuonekana, na anayeuchukua ukimya huo kuwa ushahidi wa bakteria anakisemea kipimo jambo ambalo hakikulisema. Homa nyingi za watoto wasiohitaji kulazwa hutokana na virusi, na kwa virusi antibiotiki haina msaada wowote, ila kuwazoeza bakteria waliomo mwilini kuihimili. (Asilimia 40 nayo tusiihukumu kwa pupa, maana mwenye malaria anaweza kuwa na nimonia pia, na mtoto mwenye malaria kali hustahili kupewa antibiotiki.)

Simtupii mhudumu lawama zote. Ana foleni mlangoni, ana mzazi asiyekubali kurudi mikono mitupu, na anajua kwamba mtoto akizidiwa usiku atakayeulizwa ni yeye. Tumempa kifaa cha kumwambia ugonjwa usiokuwepo, tukamwacha akisie uliopo.

Kukisia huko kunapunguzika. Katika jaribio lililofanyika kwenye vituo vya afya nchini Tanzania, ambalo matokeo yake yalitoka katika jarida la Nature Medicine mwaka 2024, wahudumu walipewa programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na kipimo cha damu cha CRP, protini inayopanda mwilini hasa kunapokuwa na maambukizi makali ya bakteria. Watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa takribani asilimia 23, wakati katika vituo vya kawaida walikuwa asilimia 70, na wala hawakupona vibaya kuliko wenzao.

Wakati vifaa hivyo vikisubiriwa, lipo linalowezekana kwa kalamu ileile: rejista ya wagonjwa iwe na safu inayomtaka mhudumu aandike, kwa kila asiye na malaria aliyepewa antibiotiki, ni dalili gani iliyomfanya ampe, na kwa mtoto anayekohoa, alipumua mara ngapi kwa dakika.

Msomaji wako