Lebo inataja galoni, bomba lako linapima lita

Wanaonunua mabomba ya mgongoni kwetu huuliza sana swali lisilohusu bomba lenyewe. Mtu ana dawa ya kunyunyizia kutoka Marekani, lebo inamwambia atie aunsi 2 kwa kila galoni ya maji, na bomba lake ni la lita 16. Atie kiasi gani?

Mililita 250. Hesabu yake ni hii.

Galoni ya Marekani ni lita 3.785, nayo ina aunsi 128 za ujazo. Kwa hiyo aunsi 2 kwa galoni ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 64 za maji, na uwiano huo haubadiliki hata ukipima kwa kikombe. Gawa mililita 1,000 kwa 64, utapata 15.6 kwa kila lita. Zidisha kwa 16. Kama lebo inasema aunsi 1, tia nusu yake, mililita 125.

Wengi hukwama kwenye galoni ya Uingereza. Waingereza walibadili galoni yao mwaka 1824, ikawa lita 4.546 kwa vipimo vya leo. Wamarekani wakabaki na ile ya zamani iliyotumika kupimia mvinyo. Ukigawa lita 16 kwa 4.546, kisha ukapima aunsi zako kwa mililita 29.6 za Kimarekani, utatia mililita 208 tu. Dawa imepungua karibu asilimia 17, wadudu hawafi, na lawama zote anabebeshwa muuza bomba!

Dawa ya unga ina hesabu nyingine. Aunsi yake ni ya uzito, gramu 28.35, na hupimwa kwa mizani. Usiimimine kwenye jagi la mililita, kwa sababu unga mwepesi na unga mzito hujaza jagi sawasawa huku gramu zikiachana mbali. Alama ya kutazama ni "fl oz" kwa ujazo. "Oz" peke yake kwenye dawa ya unga ni uzito.

Painti ya Marekani ni mililita 473, kwati ni 946. Na kama lebo yako imeandika mililita pembeni, fuata hizo, achana na hesabu zote hizi.

Majagi yetu ya kupimia yana mistari ya mililita pekee, tumeyachagua hivyo kwa makusudi. Ukitaka tukuhesabie, tutumie picha ya lebo. Piga upande wenye vipimo na jedwali la kuchanganya. Upande wa mbele wenye jina la dawa hautusaidii kitu.