Mwanangu, usitie sahihi kabla daktari hajasema

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Mjombako amenisomea kwa simu barua ya watu wa bima ya matatu, kuhusu ile ajali yako ya pikipiki. Ningetaka kuisikia kwako kwanza, lakini hayo tuyaache. Wanatoa shilingi 650,000, wanataka jibu Ijumaa, na wakili anasema chukua. Sikwambii ukatae. Nakwambia usitie sahihi kabla daktari hajaandika kile chuma cha mguuni kitatolewa lini na kwa pesa ngapi.

Hayo ni matibabu ya baadaye. Korti haiyalipi kwa kuhurumia mtu; lazima yawe yamedaiwa kwenye hati ya madai, na yathibitishwe. Muulize wakili kama yamo. Kama hayamo, aombe kuirekebisha hati kabla hamjaongea bei. Stakabadhi za hospitali najua unazo zote kwenye bahasha moja, na hilo nakusifu, babako hata tikiti ya basi alikuwa haiweki. Lakini stakabadhi ni za yaliyopita. Chuma bado kimo ndani.

Miaka yangu ya masijala ya korti, kwenye mafaili, niliwaona watu wakirudi na mguu umevimba, wanauliza kama faili laweza kufunguliwa tena. Makubaliano yakishaandikishwa kortini huwa hukumu, na hayavunjwi ila kwa udanganyifu au jambo lingine zito la kuvunja mkataba wowote. Kusema hukujua kwamba mguu utauma tena hakukusaidii kitu.

Halafu hizo laki sita na nusu, ni kabla ya kukata au baada ya kukata? Lawama mmegawana 80 kwa 20, na hiyo 20 ni yako, maana kuipita matatu kwa kushoto nilikukataza tangu siku ya kwanza uliyopanda pikipiki. Wakikata, 130,000 zimekwenda, umebaki na 520,000. Na gharama za kesi zimo humo humo au ziko kando? Ukizitoa za wakili, kisha ukazitoa za kutolea chuma, unabaki na nini mkononi? Piga hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu, usingoje kupigiwa.

Wakili simlaumu. Kampuni za bima za matatu tumeziona zikishindwa kulipa madeni na kuwekwa chini ya usimamizi, malipo yakasimama, na watu wakabaki na hukumu za karatasi. Ule mfuko wa serikali wa kuwafidia wenye madai kwa kampuni za bima zilizoanguka hauzidi 250,000. Kwa hiyo haraka yake ina maana, na huenda mwisho ukachukua hizo hizo. Ila kuomba zaidi hakukuharibii. Aandike barua ya kujibu "bila kuathiri haki", maana barua ya namna hiyo hakimu haonyeshwi, ataje gharama ya chuma, na aweke siku 30 za kulipa, zikipita waende kukamata mali. Ofa isiyo na tarehe ya kulipa mimi siihesabu kuwa ofa.

Yale niliyokwambia hospitalini, kwamba uchukue chochote watakachotoa, niliyasema bili ikiwa mkononi mwangu. Usiyashike.

Wala usiharakishe kwa ajili yetu. Nasikia umemwahidi nduguyo karo ya muhula wote, na mimi umeniahidi mabati. Nani alikwambia nataka mabati? Makuti ya upande wa jikoni yanavuja, kweli, lakini fundi amesema yatafika mvua za masika, na nazi za mwezi huu zimeuzwa vizuri. Karo nimezungumza na mwalimu mkuu, amekubali tulipe kidogo kidogo. Pesa ya mguu ni ya mguu.

Kesho asubuhi nenda kwa daktari aliyekupasua, si yule wa bima. Mwambie aandike kiasi, si "itategemea". Ripoti ikitoka nipigie picha unitumie kabla hujampelekea wakili, niisome. Na hiyo Ijumaa yao isikutishe. Wakili anaweza kuomba wiki mbili zaidi, kila siku wanaombwa.

Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mmoja ni wako, lakini mwenzake nimemuuza, nilikuwa nadaiwa dukani. Ukipata mtu anayekuja Malindi mpe ile mitungi miwili ya maji uliyoondoka nayo, nimechoka kuazima kwa jirani.

Mamako