Neno "MPYA" kwenye pakiti liwekewe muda

Mhariri,

Madukani kuna pakiti za unga wa uji, juisi na biskuti zilizoandikwa "MPYA" kwa herufi nene, na mwaka unaofuata neno bado lipo palepale. Sisi tunaopitia lebo za vyakula tunaiomba TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vyakula, iliwekee neno hilo ukomo.

Kiwango cha kimataifa cha lebo za vyakula, Codex CXS 1-1985, kinakataza lebo ya uongo au ya kupotosha, ila hakisemi upya unaisha lini. Kanada wanaruhusu mwaka 1. Marekani, ushauri wa tume yao ya biashara wa 1967 ulitaja miezi 6. Kwetu mwaka 1 unatosha, mradi uhesabiwe tangu bidhaa ilipofika sokoni, si tangu kila lebo ilipochapwa.

Viwanda vidogo hukwama kwenye roli za vifungashio. Neno likishachongwa kwenye silinda ya kuchapia, kuliondoa ni gharama ya silinda nyingine. Tena, anayeuza pakiti 20,000 kwa mwezi akiagiza vifungashio 300,000, ana mzigo wa miezi 15, yaani miezi 3 nje ya muda. Dawa yake ni stika: abandike mwaka wa kwanza, kisha aache.

Lebo itaje pia kipya ni kipi. Kama umebadilika mfuko tu, iandikwe "Mfuko mpya", maneno yote mawili kwa ukubwa mmoja. Kupunguza gramu 500 hadi 450 na kuandika "Muonekano mpya" ni kumficha mnunuzi, na tungependa kanuni ilikataze waziwazi. Anayeandika "Imeboreshwa" awe na faili lenye mchanganyiko wa zamani, wa sasa, tarehe ya mabadiliko na matokeo ya vipimo.

Kosa linalotutisha zaidi ni "Ladha mpya" mbele, huku nyuma orodha ya viambato ikibaki ya zamani. Viambato hupangwa kwa uzito, kilichozidi kikitangulia. Karanga au maziwa ya unga yakiongezwa, lazima yaonekane humo. Mzazi ambaye mwanawe ana mzio wa karanga hana kinga nyingine dukani zaidi ya orodha hiyo. Kwa hiyo mkaguzi akikuta neno "mpya" upande wa mbele, aigeuze pakiti na kulinganisha orodha na mchanganyiko uliosajiliwa, kabla hata ya kuhesabu miezi.

Wapitiaji wa lebo za vyakula,
Dar es Salaam