Shangazi, chama nilichokitumikia kimeninyang'anya maiki

Assalam aleykum Shangazi,

Adhana ya alfajiri bado na mimi sijapata hata lepe la usingizi, nimeona bora nikuandikie. Wewe ni wa pwani, watujua.

Kwanza elewa mimi chamani si mgeni. Kura yangu ya kwanza ni 1992 vyama vingi viliporudi na tangu hapo niko na watu hawa hawa. Jina wamebadilisha, rangi wamebadilisha, wameungana na hawa wakaachana na wale, mimi niko nao tu. Bendera nimeshona kwa cherehani yangu na pesa ya kitambaa sikudai. Kampeni zikija nawapikia vijana mahamri na mbaazi, napanda boti hadi Faza na Kizingitini bahari imechafuka na mimi bahari naiogopa. Kazi sijaomba, tenda sijaomba. Sasa wanasema ati nilitaka cheo, wallahi ni uongo.

Halafu niambiwe mama keti. Mbele za watu.

Ilikuwa mkutano huko Mokowe, wakasema wenye maswali waulize, nikashika maiki nikauliza wale wavuvi ambao hawajaona fidia ya bandari wafanyeje. Basi. Bandari ilipoanza Kililana si chama hiki hiki kilikuja mitaani kikatuambia tudai haki? 2018 Mahakama Kuu iliposema wavuvi walipwe bilioni 1.76 si tulishangilia pamoja? 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi ilipofutwa si tulikumbatiana tukalia? Kijana niliyemfundisha alifu be te mimi mwenyewe akaja akanivuta maiki mkononi, "mama keti, hatutaki wapinga maendeleo hapa". Na wakubwa jukwaani wako na simu zao, mmoja wao ameshakula kwangu si mara moja, hakuinua hata uso.

Mimi sipingi maendeleo. Bandari imefunguliwa 2021, mpwa wangu yuafanya kazi huko na nashukuru. Lakini marehemu mume wangu alikuwa akivua upande ule ule waliochimba, alikuwa akija na changu na kamba, baada ya kuchimbwa akawa arudi mafuta yameisha na ndoo ina samaki wa mchuzi tu. Amekufa hajaona senti, na fulana ya chama ndiyo alikuwa akivaa nyumbani mpaka ikatoboka mabegani. Sasa nikiuliza kwa niaba ya mtu kama yule ndiyo naharibia chama?

Wenzangu wa kikundi cha kina mama waniambia nisamehe, kwamba wote wakishaingia serikalini huwa hivyo. Mimi nasema sisi tulikuwa si hivyo, ndiyo maana tulikuwa huku. Kuhama sihami Shangazi, niende wapi, watu wangu wote wako humo, hata mazishi ya mume wangu wao ndio walisimamia. Ingawa barua ya kujiuzulu nishaandika, iko kwenye mkoba, sijaipeleka.

Na kuna jambo la binti yangu. 2027 ataka kuwania udiwani na ni kwa chama kile kingine, wale ambao maisha yangu yote nimewazomea. Nilimuuliza mbona wale, akanijibu mama wewe ndiye ulinifunza mambo ya bahari na hawa ndio wamekubali niyaseme. Sikuwa na jibu. Amekuja kuniomba radhi, na ataka pia nipande naye jukwaani. Kaka yangu asema sheria ya vyama ya 2011 iko wazi, ukipigia debe chama kingine chama chako chaweza kukuhesabu umejiuzulu, kwa hivyo siku nikipanda jukwaa lile waweza kunitoa. Na yule kijana wa maiki atasema mwaona, nilijua.

Radhi ya mama si kitu cha kunyima mtoto, hilo najua. Lakini naweza kumpa nikabaki na kadi yangu, au nitakuwa mnafiki kwa pande zote mbili? Na kama ni kutoka, nitoke kabla hawajaniomba msamaha? Maana nikitoka sasa hawataniomba tena, na hata neno pole sijaambiwa mpaka leo. Mwanangu angoja jibu Ijumaa baada ya swala.

Jina langu usiliweke tafadhali.

Mama wa Langoni, Lamu